PETROL SIYO PETROLI
Tujue maana ya maneno yaliyoandikwa juu ya bidoni, mufuko na chupa



Mwezi huu ukurasa wetu wa usalama na afya hausemi juu ya kaske wala botini. Unasema juu ya neno. Neno moja la Kingereza lililoandikwa kwa herufi kubwa juu ya bidoni, likisomwa na mutu anayefikiri ni la Kifaransa, linaweza kuunguza nyumba. Maneno ya namna hiyo ni mengi kwetu, kwa sababu vitu vingi tunavyotumia kazini na nyumbani vinapita njia ya Kasumbalesa, vikitoka upande wa Zambia, Dar es Salaam na Durban, na etiketi zake ni za Kingereza.

Tuanze na neno lililo baya kupita yote.

PETROL, KEROSENE, PARAFFIN

Wewe unakaa Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi. Ukimutuma mutoto kununua petroli, analeta mafuta ya taa. Neno hilo tulilipokea toka Kifaransa. Kile kinachotiwa ndani ya motokari tunakiita esanse.

Sasa vuka mupaka, uingie Zambia. Kule Kingereza ndiyo luga ya serikali, na kwenye pompi neno PETROL maana yake ni esanse. Mafuta ya taa yanaitwa KEROSENE ao PARAFFIN. Tena si Wazambia peke yao. Ndugu zetu wa Tanzania, wanaosema Kiswahili kama sisi, wanaita esanse "petroli", kwa sababu wao walilipokea neno hilo toka Kingereza. Shofere wa lori anayetoka Dar es Salaam akikuambia, "Bidoni hii ina petroli," hakudanganyi. Lakini ukiimimina ndani ya taa yako, umetia esanse ndani ya taa.

Ona tofauti ya vitu hivi viwili. Mafuta ya taa yanahitaji joto la karibu digri 38 ao zaidi mbele mvuke wake uweze kushika moto. Ndiyo maana taa ina utambi. Esanse haingojei joto. Inatoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya digri 40 chini ya zero. Kwa hiyo hata usiku wa mwezi wa 6, wakati sisi wote tunajifunika blanketi mbili, esanse iliyo wazi ndani ya nyumba inatoa mvuke. Mvuke huo haupandi juu. Ni muzito kupita hewa, unatambaa chini, unapita chini ya mulango, unafika kwenye mbabula ya jirani. Pale unashika moto, na moto unarudi mpaka kwenye bidoni.

Basi, ukinunua mafuta kwa mutu wa luga nyingine, usiulize jina tu. Uliza kazi yake: "Ni ya taa, ao ni ya motokari?" Jina linaweza kubadilika kila mupaka, lakini kazi haibadiliki. Na kama hakuna anayejua jibu, usijaribu kwa kiberiti. Acha bidoni nje, mbali na moto.

Neno PARAFFIN nalo lina hatari yake. Kwa Kingereza cha Zambia ni mafuta ya taa. Kwa Kifaransa paraffine ni nta ya kutengenezea mishumaa, na huile de paraffine ni dawa ya mutu ambaye tumbo lake limefunga. Hiyo dawa inakunywewa kwa kipimo cha muganga. Bidoni ya PARAFFIN ya sokoni haikunywewi hata kidogo.

Na shofere, angalia maneno haya mawili: GASOLINE na GASOIL. Herufi nne za kwanza ni zilezile. GASOLINE ni neno la Wamarekani, maana yake esanse. Mara nyingi wanalikata na kusema GAS tu. Gasoil kwa Kifaransa ni mazuti. Ukibadilisha moja kwa nyingine, unaharibu motere, na mazuti iliyochanganyika na esanse inashika moto upesi kama esanse.

KAMA MUTOTO AMEKUNYWA MAFUTA

Watoto wanakunywa mafuta ya taa kwa sababu watu wakubwa wanayatia ndani ya chupa ya limonadi. Mutoto hajui kusoma, anajua chupa. Kwa hiyo mafuta yakae ndani ya chombo chake, juu, mahali ambapo mukono wa mutoto haufiki.

Kama yametokea, shika mambo haya manne.

Usimutapishe mutoto. Hatari kubwa ya mafuta si tumboni, ni katika mapafu. Akitapika, mafuta yanaweza kuingia katika njia ya pumuzi, na hapo anapata ugonjwa mubaya wa mapafu.

Usimupe maziwa wala mafuta ya ngazi, hata kama jirani anasema ni dawa.

Muvue nguo zilizolowa mafuta, umuoshe ngozi kwa maji na sabuni.

Mupeleke upesi hospitali, hata kama anacheza na anaonekana muzima. Kukohoa na kupumua kwa shida kunaweza kuanza nyuma ya saa kadhaa. Na beba ile bidoni ao etiketi yake. Neno lililoandikwa pale linamusaidia muganga kujua ni kitu gani.

INFLAMMABLE: NENO LINALOONEKANA KUKATAA

Mutu aliyejifunza Kingereza kidogo anajua kwamba mara nyingi IN- mwanzoni mwa neno inakataa. CORRECT ni sawa, INCORRECT si sawa. Kisha anakuta pipa limeandikwa INFLAMMABLE, anasema: "Vizuri, hiki hakishiki moto." Anawasha sigara.

Amekosea. INFLAMMABLE maana yake ni "kinashika moto upesi". Hapa IN- haikatai. Inatoka katika neno la Kilatini la kuwasha moto. Hata watu waliozaliwa katika Kingereza walikuwa wakichanganyikiwa. Tangu miaka ya 1920 shirika la Marekani la kuzuia moto lilisukuma watu waandike FLAMMABLE. Lakini neno la zamani halikufa, na leo utayakuta yote mawili. Shika hivi:

FLAMMABLE: kinashika moto.
INFLAMMABLE: kinashika moto vilevile.
NON-FLAMMABLE: hakishiki moto.

Wewe unayejua Kifaransa una bahati, maana inflammable ya Kifaransa ina maana ileile. Kile kisichoshika moto kwa Kifaransa ni ininflammable.

DANGER, WARNING, CAUTION, HAZARD

Mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulitoa kwa mara ya kwanza buku linaloonyesha namna moja ya kuandika etiketi za vitu vya kemia, ili mufanyakazi wa kila inchi aweze kuzitambua. Ndiyo zile picha 9 zenye ukingo mwekundu unaosimama kwa pembe moja: moto, kichwa cha mufu, bomu linalopasuka, maji makali yanayokula chuma na mukono, na nyingine. Pamoja na picha, wanaandika neno moja kati ya mawili.

DANGER ni neno la hatari iliyo kubwa zaidi. Linaandikwa sawasawa na la Kifaransa, lakini Waingereza wanalitamka "deinja". Mutu akikupigia kelele "Deinja!", usimuangalie. Ondoka.

WARNING ni onyo. Hatari iko, lakini ni ndogo kuliko ya DANGER. Kwenye etiketi za Kifaransa, mahali pake wanaandika ATTENTION.

Juu ya mashine na vibao utakuta tena CAUTION. Kwetu caution ni feza inayotolewa kama dhamana, kama ile wanayolipa watu wanaotaka kuchaguliwa. Kwa Kingereza hakuna feza pale. Maana yake: "Fanya polepole, angalia."

HAZARD nalo si hasard ya Kifaransa. Hasard ni bahati, ni kitu kilichotokea bila kutazamiwa. HAZARD ni kitu kinachoweza kumuumiza mutu: waya iliyo wazi, jiwe lililolegea juu ya kichwa, shimo lisilo na kizuizi. Hapa kuna fundisho kubwa. Bahati haizuiliki, lakini HAZARD inaonekana, inasemwa kwa mukubwa wa kazi, na inaondolewa.

LIME NA QUICKLIME

Katika viwanda vya kutenganisha madini, chokaa inatumiwa sana. Juu ya mufuko wameandika LIME. Fundi anayesoma Kifaransa anafikiri tupa, kile chombo cha kunolea chuma. Kijana anayejifunza Kingereza katika buku la masomo anafikiri ndimu, kwa sababu LIME ni ndimu pia. Juu ya mufuko wa kiwanda, LIME ni chokaa.

Kama wameongeza neno QUICK mbele, uangalie zaidi. Leo QUICK ni "upesi", lakini katika Kingereza cha zamani maana yake ilikuwa "hai". QUICKLIME ni chokaa hai, sawa na Kifaransa kinavyosema chaux vive. Inaitwa hai kwa sababu ukiitilia maji inaamuka: inachemka na kutoa joto kali. Jasho la mukono ni maji. Machozi ya jicho ni maji. Kwa hiyo vaa miwani na glovu kila mara.

Chokaa hai ikikaa juu ya ngozi kavu, kwanza pangusa unga, kisha mimina maji mengi. Ikiingia katika jicho, usingoje hata kidogo: osha kwa maji safi yanayotiririka, dakika 20 kwa uchache, jicho likiwa wazi, kisha njoo dispanseri. Fanya vilevile kwa asidi, ambayo etiketi yake inasema CORROSIVE, maana yake "inakula": inakula chuma, inakula ngozi.

MANENO YA DISPANSERI

Sasa tuingie nyumbani, tufungue kisanduku cha dawa. Dawa nyingi zinazouzwa kwetu zinatoka Uhindi, na maneno yake ni ya Kingereza.

PAIN. Kwa Kifaransa ni mukate. Kwa Kingereza ni maumivu. Dawa iliyoandikwa FOR PAIN haiombi uikunywe na mukate. Inasema inatuliza maumivu.

INJURY. Kwa Kifaransa injure ni tusi. Kwa Kingereza INJURY ni jeraha. Kibao kwenye mulango wa kazi kinachohesabu siku bila INJURY hakisemi kwamba watu hawakutukanana. Kinasema hakuna aliyeumia. Hata hivyo, kutotukanana kazini ni vizuri pia.

BLESSED. Utalikuta juu ya kioo cha taksi na lori. Usikimbie kutafuta bandeji. Blessé wa Kifaransa ameumia, lakini BLESSED wa Kingereza amebarikiwa.

PRESERVATIVE. Wamama, mukilikuta juu ya kopo la tomati, musikasirike. Si préservatif. Ni dawa inayotiwa ili chakula kisioze.

DRUG. Kwa Kifaransa drogue ni kitu kibaya tu. Kwa Kingereza DRUG inaweza kuwa hicho, lakini ni pia dawa ya kawaida ya hospitali. Usitupe dawa ya mutoto kwa sababu ya neno hilo. Njoo uulize.

TEASPOON na TABLESPOON. Haya mawili yanaweza kuumiza. SPOON ni kijiko. TEA ni chai, TABLE ni meza. TEASPOON ni kijiko kidogo cha chai, mililita 5. Kwa Kifaransa wanasema cha kahawa. TABLESPOON ni kijiko kikubwa cha kulia, mililita 15. Mama akichukua kikubwa mahali pa kidogo, mutoto anapata siro mara tatu ya kipimo. Kwa siro ya parasetamoli, kupitisha kipimo namna hiyo siku kwa siku kunaharibu ini. Kilicho bora ni kutumia kipimo chenyewe kilicho ndani ya kisanduku cha dawa.

NAMNA YA KUJIFUNZA

Usiseme: "Mimi ni mutu muzima, Kingereza kilinipita." Kingereza tayari kiko kinywani mwako. Reli toka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na njia hiyo ya kusini ilituletea watu na maneno. Motokari ni neno la Kingereza. Buku ni neno la Kingereza. Babu zetu waliyajifunza kazini bila darasa, kwa sababu waliyahitaji.

Njia iliyo nyepesi ni kushika maana ya vipande vya neno. Kipande kimoja kinafungua maneno mengi.

-FUL ni "imejaa". -LESS ni "bila". HARM ni madhara. Basi HARMFUL ni chenye madhara, na HARMLESS ni kisicho na madhara. CARE ni uangalifu. CAREFUL ni mutu muangalifu, CARELESS ni mutu asiyeangalia. Umejifunza vipande vinne, umepata maneno manne mapya. Lakini soma neno mpaka mwisho: anayeishia katikati ya HARMFUL hajui kama kitu kinamuumiza ao hapana.

UN- na NON- zinakataa. SAFE ni salama, UNSAFE si salama.

KEEP ni "weka" ao "kaa". KEEP OUT: usiingie. KEEP CLOSED: ifungwe kila mara. KEEP DRY: isilowe. KEEP OUT OF REACH OF CHILDREN: weka mahali watoto hawafiki.

Na neno dogo kupita yote ndilo la kutafuta kwanza: NOT. Lina herufi tatu tu. DO NOT SWALLOW ni "usimeze". Mutu anayeruka NOT anasoma "meza".

Nyumbani, mufanye hivi. Kila jioni, neno moja. Kijana anayejifunza Kingereza katika masomo ya sekondari asome etiketi moja kwa sauti. Baba aeleze kitu hicho kinafanya kazi gani. Mama aseme kinakaa wapi ndani ya nyumba. Kisha muandike maana kwa Kiswahili juu ya karatasi na kuibandika palepale juu ya chombo. Mwezi ukiisha, mutakuwa na maneno 30, na nyumba yenye hatari kidogo.

Kazini, kama etiketi haieleweki, usifungue. Muulize mukubwa wa kazi, ao njoo kwetu dispanseri na neno lililoandikwa juu ya kikaratasi. Hatutacheka mutu. Wazee walisema kuuliza si ujinga, na kwenye pipa la asidi maneno hayo ni ya kweli kabisa.

KATA, BANDIKA UKUTANI

POISON: sumu
FLAMMABLE, INFLAMMABLE: kinashika moto
CORROSIVE: kinakula ngozi na chuma
HARMFUL IF SWALLOWED: ukimeza, kitakudhuru
TOXIC IF SWALLOWED: ukimeza, ni sumu
FATAL IF SWALLOWED: ukimeza, utakufa
DO NOT INHALE: usivute mvuke wake
EYES, SKIN: macho, ngozi
RINSE: osha kwa maji mengi
EMERGENCY EXIT: mulango wa kukimbilia
ONCE, TWICE DAILY: mara moja, mara mbili kwa siku
BEFORE MEALS, AFTER MEALS: mbele ya kula, nyuma ya kula
SHAKE WELL: tikisa sana mbele ya kutumia
EXP: siku ya mwisho wa dawa, ikipita, usiitumie

JIPIME

1. Jirani amerudi toka Chingola na bidoni iliyoandikwa PETROL. Anataka kukuuzia kwa taa yako. Utafanya nini?
2. Pipa limeandikwa INFLAMMABLE. Unaweza kuvuta sigara karibu yake?
3. Siro ya mutoto inasema ONE TEASPOON TWICE DAILY. Utamupa mililita ngapi kwa siku nzima?

Majibu: 1. Kataa, na umueleze jirani ili naye asiitie ndani ya taa yake: ni esanse. 2. Hapana. 3. Mililita 10: mililita 5 asubuhi na mililita 5 jioni.

Kama wewe umejibu yote matatu, muulize sasa yule mutu wa nyumba yako anayewasha taa kila jioni.